Maliro Jéthro, Fundi Aliyeishusha Taa Kutoka Mbinguni

Piii! Pi-pi-piii!

Mlizisikia honi hizo Alhamisi asubuhi. Butembo ilikuwa bado imefunikwa na ukungu. Ukisimama mtaani Bulengera mlangoni pa duka lako, hulioni hata duka la jirani. Lakini honi mlizisikia. Kwanza moja. Kisha tatu. Kisha mlima mzima. Mama mmoja wa sokoni aliniambia alidhani ni arusi. "Nikajiuliza, nani anaoa Alhamisi?"

Wasikilizaji wapendwa, haikuwa arusi. Wamotari wa Butembo, wabeba abiria kwa pikipiki, walikuwa wanamsindikiza fundi wao makaburini.

Leo tunamkumbuka Maliro Jéthro. Fundi wa pikipiki. Fundi wa Bulengera. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani kwake, mke wake Abigaïl akiwa amemshika mkono. Nasema tena kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Maliro Jéthro, fundi wa pikipiki wa Bulengera.

Na katika kipindi hiki hatulii. Maliro hakupenda mtu alie karibu na injini. Alikuwa anasema machozi yanaleta kutu. Leo tunasifu, na tunasifu kwa sauti.

Maliro alizaliwa Vuhovi, katika familia ya wakulima wa viazi na maharagwe. Jembe hakulitaka. Alipokuwa kijana alishuka Beni, akajifunza ufundi kando ya barabara, akapanda tena kuja Butembo na mfuko wa funguo begani. Hapa ndipo alipompata Abigaïl. Nilimwuliza mama huyu jinsi walivyojuana. Alicheka, huku kitambaa cha msiba kikiwa bado kichwani.

"Alikuwa anatengeneza kinga ya baba yangu," aliniambia. Kinga ni baisikeli. "Kila wiki inaharibika. Kila wiki anakuya kutengeneza. Baba anasema, huyu kijana ni mutu wa Mungu, hapana kulipisha. Kumbe siku ya Yenga, Jumapili, tukiwa tunaimba mu kanisa, yeye njo anatoka inje kulegeza minyororo ya kinga!"

Huyo ndiye Maliro. Alikuwa na akili, na alikuwa na kiburi. Juu ya banda lake aliandika kwa rangi nyekundu: HAPA PIKIPIKI INAFUFUKA. Banda hilo liliegemea ukuta wa kanisa, na pasta alipoyaona maneno yale hakufurahi. Alimwambia ufufuo ni kazi ya Mungu. Maliro akamjibu bila kuinua kichwa: "Pasta, ya Mungu ni batu. Mapikipiki aliniachia mie."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwapeleke kwenye siku zile ambazo wamotari hawatazisahau.

Mnamjua Providence. Kama humjui, umebebwa naye bila kujua, kwa sababu ukungu na kofia vilimficha uso. Miaka michache iliyopita, Providence alikuwa mwanamke pekee kwenye parking ya barabara ya Vuhovi, pale wamotari wanapongojea wasafiri. Mjane. Watoto wake walikula kwa pikipiki ile. Wasafiri wake wengi walikuwa akina mama wajawazito, kwa sababu alijua kupita mashimo kama mtu anayebeba mayai.

Siku moja mbuzi waliruka barabarani. Providence aliwakwepa, akagonga ukuta wa daraja dogo. Yeye alitoka na mkwaruzo. Pikipiki ilivunjika sehemu yote ya mbele. Fourche, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilipinda kama mguu wa panzi. Taa ilibaki ikining'inia kwenye waya. Saa ya mwendo, ile inayoonyesha unaenda mbio kiasi gani, iling'oka pamoja na chuma kilichoishika.

Kwenye parking kuna desturi. Kila mmotari ana jile yake, kizibao cha rangi ya machungwa chenye namba. Ukiwa na jile, una nafasi. Ukikosa jile, huna parking, huna msafiri, huna barabara. Na mkubwa wa parking wakati ule, Papa Gamaliel, alimjia Providence mbele ya watu wote.

"Dada, leta jile. Kuna bijana banaingoja."

"Pikipiki itapona, Papa."

"Itapona, lakini weye je? Mulima wa Vuhovi hapana mulima ya mwanamuke. Hata bambuzi bamekuambia."

Watu walicheka. Providence alianza kuvua jile. Mkono mmoja ulikuwa umeshatoka. Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya mtu mwenye mafuta meusi mpaka kwenye viwiko.

"Rudisha mukono mu jile," Maliro alisema. "Gamaliel, weye unajua kuendesha. Hapana kujua kufufua. Niachie hii pikipiki."

Gamaliel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mgumu. Alitoa sharti lake pale pale. Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito, Providence atashuka Vuhovi na kupanda tena, mtu nyuma na mfuko nyuma. Akifika salama, jile ni yake, hakuna atakayeuliza tena. Akishindwa, aivue.

"Na huyo mutu wa nyuma ni nani?" Maliro aliuliza.

"Ni mie," Gamaliel alisema.

Basi kazi ikaanza. Maliro alipata sehemu ya mbele ya pikipiki kubwa, pikipiki iliyokuwa imeungua upande wa nyuma tu. Miguu mirefu, minene. Gurudumu kubwa kuliko la zamani. Breki nzuri. Kuipachika kwenye pikipiki ya Providence ilikuwa kazi ya nguvu, na nguvu alikuwa nayo. Tabu ilianza baada ya hapo. Taa utaiweka wapi? Masikio ya chuma yaliyoishika zamani hayakuingia tena kwenye miguu minene. Saa ya mwendo utaifunga juu ya nini?

Binti yake Bénie alikuwa hapo na aliona yote. Ananiambia baba yake alikata vyuma vya kitanda cha zamani, akavikunja kwa moto, akatengeneza masikio mapya. Kati ya chuma na fourche aliweka kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu bovu, ili mtetemo wa mawe usiue balbu. Alipitisha nyaya zote, kisha akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Kushoto tena. Kulia tena. Waya mmoja ulibanwa, honi ikalia yenyewe. Akazifungua zote na kuanza upya.

Halafu saa ya mwendo. Alitafuta kebo inayoingia kwenye gurudumu jipya, akaipata. Lakini gurudumu kubwa linazunguka polepole kuliko dogo, kwa hiyo mshale ulidanganya. Ulionyesha mwendo wa kobe wakati pikipiki inakimbia. Maliro akamwomba jirani mwenye pikipiki nzima waende sambamba barabarani. Jirani anapaza sauti kutaja mwendo wa kweli, Maliro anaweka alama kwenye kioo cha saa ya mwendo. Unajua aliweka alama kwa nini?

"Kwa rangi yangu ya kucha!" Bénie ananiambia. "Ile nyekundu, ya Noeli! Nikalia. Akaniambia, bibi, kucha zako hazina mwendo, hii pikipiki iko nao."

Ijumaa asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Maliro alielekeza taa kwenye ukuta wa kanisa, akachora mstari kwa makaa, akaona mwanga umekaa pazuri. Wamotari walikuja kuangalia. Wakasifu. Maliro alijipiga kifua. Providence akampakia msafiri mmoja na mfuko wake wa viazi, akaingia kwenye ukungu.

Hakukawia. Alirudi polepole, miguu ikiburuta chini, uso umekauka.

"Papa Maliro, naona majani ya mikalitusi moja moja. Barabara siioni."

Ilikuwa kweli. Taa ilikuwa inaangalia juu. Mwanga ulipanda kwenye ukungu, ukungu ukaurudisha machoni kama shuka jeupe. Parking nzima ilipasuka kwa kicheko.

"Hiyo taa inaomba Mungu!" mmoja alisema.

"Ni sababu ya ukuta wa kanisa. Imeokoka!"

"Maliro, sema iteremuke, malaika bako na kazi!"

Na Gamaliel, taratibu: "Kesho asubuhi. Naleta mufuko."

Wasikilizaji wapendwa, Maliro Jéthro alirudi bandani. Mtu mwenye kiburi akichekwa, chakula hakipiti. Abigaïl alimletea ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaona hagusi. Mama huyu hakuwahi kushika ufunguo wa pikipiki maisha yake yote. Lakini alimjua mumewe, na aliujua mji wake.

"Baba Bénie, wakati ulipima hiyo taa, nani alikuwa juu ya pikipiki?"

"Hakuna mutu."

"Mu Butembo hii, umeona wapi pikipiki inaenda bure, bila mutu nyuma?"

Maliro aliitazama taa. Kisha alicheka mpaka akakohoa. Fourche mpya ilikuwa ndefu, imeinua mbele. Mtu na mfuko wakikaa nyuma, nyuma inazama, mbele inainuka zaidi, na taa inapanda mbinguni. Alikuwa ameipima pikipiki ikiwa tupu, na hapa kwetu pikipiki haiendi tupu hata siku moja.

Akatoka mbio barabarani. Alimsimamisha mama wa kwanza aliyepita na mfuko wa viazi.

"Mama, panda."

"Naenda wapi?"

"Hauendi pahali. Unakaa tu."

"We! Niko na bwana yangu!"

"Mama, nakuomba, ni juu ya taa. Na viazi panda nabyo."

Providence mbele, mama nyuma, viazi nyuma ya mama. Pikipiki ikazama. Mwanga ukapanda ukutani, ukapita dirisha la kanisa, ukafika karibu na paa. Na hapo, mbele ya macho yao, Maliro alilegeza masikio yale ya chuma cha kitanda na kuishusha taa. Ikapita paa, ikapita dirisha, ikashuka mpaka kwenye mstari mpya wa makaa, chini ya goti la mtu. Akakaza. Mama wa viazi akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Pasta alitoka, akauona ukuta wake mweusi, akarudi ndani akitikisa kichwa.

Jumamosi ikafika. Ukungu ulikuwa mzito kama uji. Gamaliel alikuja na mfuko wa maharagwe, na alikuwa amechagua mzito. Alipanda nyuma. Wakashuka. Parking nzima ilibaki imesimama, ikisikiliza mlio wa injini ukipotea.

Providence mwenyewe amenisimulia ya huko chini. Mwanga ulilala barabarani. Kila jiwe aliliona, kila shimo aliliona. Kwenye kona ya daraja, pale pale alipoangukia, Gamaliel alimshika mabega.

"Polepole, dada! Polepole!"

"Niko ku alama, Papa. Angalia nyekundu ya Bénie. Weye shika maharagwe yako."

Walifika Vuhovi. Wakageuka. Wakapanda.

Pale juu watu walisikia kwanza, kisha wakaona. Mimi nilikuwepo, na siku ile niliandika ubeti huu, wa kwanza maishani mwangu. Leo nimebadilisha mstari mmoja, wa mwisho, uwe wa Maliro:

Ukungu uliotanda, kwa mwanga ukapasuka,
Mwanamke amepanda, na kilima kimechoka,
Wa kucheka wakaganda, vinywa vikawakauka,
Jina lake twalipanda, halizikwi, laamka.

Gamaliel alishuka. Alisimama wima. Alimfunga Providence kamba za jile, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Halafu akamgeukia Maliro na kumpa mkono, mafuta na yote. "Wasingya," alisema. Asante, kwa Kinande.

Tangu siku ile, Maliro hakupima taa ya pikipiki tupu tena. Mmekalishwa wengi ninyi! Akina mama wa soko, walimu, askari waliotoka Kasai ambao hawakuelewa kwa nini wanapandishwa pikipiki isiyoenda popote. Kutoka Mabalako, kutoka Beni, watu walileta pikipiki zilizobadilishwa mbele, na Maliro akasimama barabarani akiita: "Mutu wa kukaa! Natafuta mutu wa kukaa!" Ukuta ule wa kanisa una mistari ya makaa mpaka leo. Pasta ameacha kuupaka chokaa.

Kwa Mama Abigaïl, kwa Bénie ambaye sasa anashika funguo za baba yake, kwa ukoo wote wa Vuhovi na wa Bulengera: poleni sana. Redio hii inalia nanyi kwa ndani, na kwa nje inapiga makofi. Mmetupa mtu mkubwa.

Na wewe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Kuna mtu unampima leo. Unasema ameyumba, unasema hafai, unataka avue jile. Umemwona amebeba nini nyuma?

Providence yuko hapa studioni, wasikilizaji wapendwa. Ndiye mkubwa wa parking sasa. Papa Gamaliel mwenyewe alimpendekeza. Ameomba aseme neno moja kwa Mama Abigaïl, anayetusikiliza nyumbani. Karibu, dada.

"Mama Abigaïl, wasingya. Mie sijue maneno ya redio. Bwana yako aliniambia nirudishe mukono mu jile, na mukono uko ndani mpaka leo. Basi naahidi mbele ya Butembo yote. Musichana wa kwanza atakuya ku parking yetu na kusema anataka kuendesha, hapana mutu atamucheka. Nitamukalisha mbele, mie mwenyewe nitakaa nyuma na mufuko, na tutateremuka Vuhovi mu ukungu. Akinirudisha muzima, jile nitamuvalisha mie. Naahidi, Mama. Naahidi."