Mchoro wa Mama Birika

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe vya kahawa kwenye beseni, povu hadi viwiko, bintiye alipokuja mbio na simu mkononi. Saa kumi jioni benchi lilikuwa limeshajaa. Kinyozi alikuwepo, kibanda chake amekiacha wazi hatua tano kutoka pale. Fundi Viatu alikuwa anashona palepale pembeni. Spika naye alikuwepo. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna mjadala uliowahi kufungwa bila yeye. Mbele ya Fundi alikaa mwanamke mgeni, mguu mmoja peku, anasubiri kiatu chake.

— Mama, mkufunzi amejibu. Mchoro ameukataa.

Mama Birika akafuta mikono kwenye aproni. Tangu mwaka uanze alikuwa anasoma uchambuzi wa mifumo ya kompyuta katika chuo cha jamii, mchana, katikati ya kahawa ya asubuhi na ya jioni. Kazi ya kumalizia mwaka ilikuwa kuchagua mahali watu wanapofanya kazi, kisha kuchora mfumo wake. Yeye alichagua duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake.

— Soma.

— Anasema: “Kompyuta, printa na nyaya umezichora vizuri. Kazi inayofanyika dukani sijaiona. Lete mchoro mwingine kesho saa tatu asubuhi, uutetee mwenyewe mbele ya darasa. Ukikosa, utarudia mwaka.”

Mwaka mwingine wa kufua nguo za nyumbani saa kumi alfajiri, ili mchana apate kusoma, Mama Birika hakuwa nao.

— Nilisema mimi! alidakia Spika. Hao wachambuzi mnajua wanachambua nini? Watu! Kiwandani alikokuwa anafanya kazi kaka yangu walikuja wawili, wapole kweli kweli. “Baba, wewe hapa unafanya nini?” Wiki ya pili, watu arobaini nje.

— Hilo dogo, alisema Kinyozi. Wakishakuchora, umeingia kwenye mashine. Hata ukinyoa, inajua.

— Ijue ili iweje? aliuliza Fundi.

— Iuze! Kuna watu wananunua habari za vichwa vya watu.

— Wakinunua cha kwako wamepigwa, alisema Fundi bila kuinua macho.

— Cheka tu. Siku wakikuchora wewe, kesho yake roboti anashona soli.

— Aje. Gundi hii yenyewe inataka kubembelezwa.

Spika akasimama.

— Mama, usikubali! Leo duka, kesho mtaa, keshokutwa nchi nzima iko kwenye mchoro. Mtu mmoja anabonyeza kitufe tu, wote tunalala njaa!

— Kaa chini, Spika, alisema Fundi, unamwaga kahawa.

Wakamwona Mama Birika amekaa juu ya ndoo. Hawakuwahi kumwona amekaa. Kinyozi akashusha sauti.

— Basi, mama, chora kibanda changu. Kiti, kioo, mashine ya kunyolea. Umemaliza.

— Ndicho nilichofanya dukani. Nimechora vitu. Yeye anataka kazi.

Yule mgeni akakohoa kidogo.

— Samahani, mimi mpita njia. Kesho saa tatu mama akiwa darasani, kahawa hapa anapika nani?

Kinyozi akacheka.

— Si ni maji na kahawa tu? alisema. Hata mimi nitapika.

— Kahawa kiasi gani? aliuliza binti.

— Ya... kutosha.

— Makaa unayatoa wapi?

— Kwani si huwa yapo tu?

— Na hilo birika dogo pembeni ya jiko ni la nani?

Ikabidi Mama Birika aseme mwenyewe.

— La Fundi. Mkewe aliniomba, Fundi alipotoka hospitali na ile presha yake. Yake naipika nyepesi.

Sindano ya Fundi ikasimama hewani.

— Yaani mwaka mzima nakunywa maji ya rangi?

— Miwili.

— Na bado unagombana na sisi, alisema Spika. Ingekuwa nzito ungeshatuua.

Fundi akakitazama kikombe chake, akakimaliza, akakinyoosha.

— Haya, niongezee hayo maji.

Mama Birika akamwongezea. Kisha akachana ubavu wa boksi, akaazima kalamu ya kuwekea alama kwenye soli. Akachora muuza makaa, anayepita saa kumi na moja alfajiri. Akachora bomba la maji, mke wa Fundi, na mlinzi wa benki anayehudumiwa kwanza kwa sababu anatoka zamu. Kutoka kwa kila mmoja akavuta mshale. Yote ikaishia kwenye duara moja, yeye.

— Kasoro ni hii hapa, alisema. Kila kitu kiko kichwani mwangu.

— Kasoro? Kinyozi alishangaa. Mama, hiyo si sifa?

— Sifa itakupikia kahawa kesho?

Mgeni akavaa kiatu chake, akaaga. Birika likainamishwa, likatoa matone mawili. Wakatawanyika.

Nyumbani, maharage yakiwa jikoni, Mama Birika aliandika vipimo vya kahawa kwenye daftari. Mumewe, ambaye zamu yake ya ghala huanza mchana na kesho asubuhi angepika yeye, akavisoma kwa sauti.

— Vijiko vinne.

— Vitano. Umeruka mstari.

— Vitano. Wa kwanza?

— Mlinzi, alisema binti. Na birika dogo ni la Fundi.

— Akilalamika?

— Atalalamika. Mpe hivyo hivyo.

Akapakua. Mama mkwe, mume, binti, watoto wadogo wawili, na yeye. Sahani sita, watu sita. Kipande cha boksi akakisogeza mbali na mchuzi.

— Kuleni, alisema. Saa kumi nawaamsha wawili, baba na bintiye.