Historia ya Marehemu Cephas Maranga Obare, Mwenyekiti wa Miti Isiyonyooka

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Uriri, na nyinyi wageni mlioamka alfajiri kutoka Homa Bay na Sindo, naomba mtulie, wenye viti na wasio na viti, kwa maana familia imeamua kwamba historia hii isomwe yote bila kurukwa hata sentensi moja, pamoja na zile ambazo hazimpendezi anayeisoma.

Marehemu Cephas Maranga Obare alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 huko Nyamira, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Obare Nyarangi na Mama Nyasuguta, wakafuata mabinti wawili ambao wote wametangulia, na mwisho kabisa kitinda mimba, Makori, aliyezaliwa mwaka wa 1946. Mwaka wa 1951 Mzee Obare alihamia hapa Uriri pamoja na jamaa wengine wa Kisii waliokuwa wakitafuta mashamba, na safari hiyo waliifanya kwa miguu, mama akiwa na mbegu kichwani, baba akiswaga ng'ombe watatu, na Makori, mtoto wa miaka mitano aliyedekezwa kupita kiasi, alipofika Rongo aliketi barabarani akasema hatembei tena, ndipo Cephas akamweka mgongoni akambeba hadi hapa, na katika miaka iliyofuata hakuacha kumkumbusha jambo hilo kila walipokosana.

Alianza darasa la kwanza Nyamira mwaka wa 1948, akaendelea hapa Uriri, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1957 akiwa na alama nzuri za hesabu, lakini kwa kuwa shule ya kuendelea ilikuwa mbali na ng'ombe walikuwa karibu, masomo yake yaliishia hapo.

Tarehe 2 Februari 1960 aliajiriwa katika kazi ya barabara kama mshika kamba, yaani yule anayesimama upande mmoja akivuta uzi ili mtaro uchimbwe ukiwa umenyooka, na kazi hiyo ilimwingia damuni, akapanda hadi kuwa nyapara wa kikosi mwaka wa 1972, akapita Awendo, Migori, Mbita na Homa Bay, na hakuna mfanyakazi wake ambaye hakuwahi kuamriwa kufukia mtaro na kuuchimba upya kwa sababu ulipinda upana wa kidole. Hata nyumbani, sahani zikiwekwa mezani, alikuwa akizisogeza kwanza zikae sambamba ndipo aombe, chakula kikipoa shauri lake.

Tarehe 19 Desemba 1965 alifunga ndoa na Eucabeth Nyaboke katika kanisa la Waadventista hapa hapa Uriri, na Mungu akawajalia watoto watano, nao ni Dolphine, Frankline, Lynnet, Nashon, na Phelesia aliyefariki akiwa na miezi saba mwaka wa 1974. Alikuwa mume mwaminifu na mkaidi, na mama watoto ameagiza maneno yote mawili yasomwe.

Mzee Obare alifariki tarehe 9 Septemba 1979, na mwaka uliofuata wazee waligawa shamba kati ya wana wawili, upande wa mto ukawa wa Cephas na upande wa barabara ukawa wa Makori. Mwezi wa Februari 1981, kaka yake akiwa kazini Migori, Makori alipanda mikaratusi kumi na mmoja kwenye mpaka, na Cephas alipokuja likizo alitoa kamba yake ya kazini, akapima mara tatu, akakuta mstari wa miti umeingia upande wake hatua moja na nusu. Wazee waliitwa, wakanywa chai, wakaenda zao. Cephas alisema mbele yao kwamba mtu anayepanda miti kwa mstari mbele ya mlango wako hakupi kivuli, anakuhamisha, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo alifunga nyumba yake kwa kufuli, akahamisha familia Homa Bay, na tangu siku hiyo wana wa baba mmoja hawakusalimiana. Makori alijua kwamba alikosea kupima. Alijua tangu mwaka wa kwanza, na aliiacha miti ikue.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1994, na kwa kuwa mtu aliyezoea kuamrisha vibarua arobaini hawezi kukaa nyumbani akimwamrisha mkewe peke yake, jirani zake walimpeleka kwenye mkutano wa hadhara wa tarehe 12 Februari 1995, siku ilipoundwa Kamati ya Miti ya Mji, watu saba wa kujitolea, kusudi mji wa Homa Bay, ambao wakati huo ulikuwa jua tupu kutoka sokoni hadi gatini, upate kivuli. Alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu wengine wote waliinamisha vichwa jina la mwenyekiti lilipoulizwa. Kamati haikuwa na mshahara wala marupurupu, kila mjumbe alikuja na kikombe chake, na katiba aliyoiandika kwa mkono wake ilisema kwamba mjumbe asiyemwagilia maji kwa mikono yake si mjumbe, kwamba mwenyekiti akae miaka mitatu kisha aondoke, na kwamba mkutano ni Jumapili ya pili ya mwezi, na saa nane kamili mlango unafungwa. Jumapili moja alichelewa yeye mwenyewe dakika nne, wajumbe wakasita kama wafungue, akawakatalia kupitia dirishani, akasimama nje juani saa mbili nzima, na kila ilipopigwa kura aliinua mkono wake hapo dirishani ukahesabiwa.

Mwezi wa Aprili 1996, mvua zilipoanza, kamati ilipanda miche sitini na miwili, mijakaranda na miarobaini, kutoka sokoni hadi gatini, na mwenyekiti aliivuta kamba yake siku mbili mfululizo, hatua kumi kutoka mche hadi mche, ikanyooka hata watu wakasimama kutazama. Siku ya tatu miche minne iliyokuwa mbele ya duka la Mama Susana, mjane kutoka Sindo aliyekuwa akiuza nyavu, ilikutwa imeng'olewa na kulazwa chini vizuri, mizizi juu. Kamati ikapanda mingine. Mama Susana akang'oa mbele ya macho yao, akamwambia mwenyekiti, soko zima likisikia, kwamba kamba hiyo akafungie ng'ombe kwao, kwamba kule kwao Sindo mtu akipanda miti kwa mstari mbele ya mlango wako, mwaka wa tatu anakuja na karatasi ya kukuondoa, na kwamba Jakisii, yaani Mkisii, hawezi kutoka alikotoka aje kumwekea mpaka mjane. Wallahi alitukanwa siku hiyo! Naye, kwa hasira ya nyapara, akaenda kumshtaki kwa chifu, na yule mama akakalishwa kwenye benchi la kambi ya chifu tangu asubuhi hadi saa tisa, duka limefungwa, kwa ajili ya miche minne.

Jioni hiyo marehemu alimsimulia mkewe yote, akitarajia pole. Eucabeth alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba maneno ya yule mama anayajua, kwani aliyasikia Uriri mwaka wa 1981, na aliyeyasema wakati ule alikuwa mume wake. Marehemu hakula chakula cha jioni hiyo.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Mama Susana bila kamba, akasimama mlangoni, akaomba msamaha, na mama akaendelea kuwahudumia wateja, mmoja baada ya mwingine, kama vile mlangoni pamesimama gunia. Wateja walipokwisha, marehemu alimwomba amwonyeshe mahali ambapo yeye mwenyewe angependa mti uwe. Mama Susana alitoka, akatazama kulia na kushoto, akaonyesha kwa mguu sehemu fulani karibu na mtaro, hatua mbili nje ya mstari, akiamini atakataliwa, na mwenyekiti akapiga magoti akachimba hapo hapo. Kumbukumbu za mkutano wa Mei 1996 zina sentensi moja tu chini ya ajenda ya upanzi, kwamba mti utapandwa pale ambapo mwenye mlango ameonyesha, na kuanzia hapo miche yote ilihamishwa, mmoja ukasogea kwa sababu ya baiskeli za mtu, mwingine ukasogea kwa sababu mama fulani alitaka jua la kuanikia omena, wale dagaa wake, hadi mstari wote ukapotea. Afisa mmoja mgeni aliwahi kuuliza kama aliyepanda miti ile alikuwa amelewa, na marehemu, Mwadventista ambaye hata majani ya chai hakuyagusa, alijibu kwamba hapana, alikuwa amelewa hapo awali, iliponyooka. Hakung'olewa mti hata mmoja tena.

Mama Susana aliingia kwenye kamati mwaka wa 1997, na tarehe 8 Februari 1998, miaka mitatu ilipotimia, wajumbe wote walimsihi marehemu abaki, wakamwambia katiba ni yake na kalamu ni yake, akakataa, akanyanyuka kwenye kiti, Mama Susana akakikalia, na yeye akahamia kiti cha karibu na mlango, ambako alikaa kama mjumbe wa kawaida na kunyamazishwa mara kwa mara.

Lakini jambo lililokuwa moyoni mwake halikuwa la mjini. Mwezi wa Novemba 1996 alikuja hapa Uriri na mche wa jakaranda kwenye kopo la mafuta, akabisha hodi kwa Makori ili amwombe amwonyeshe mahali pa kuupanda. Makori alikuwa ndani. Alimwambia mkewe aseme kwamba amepeleka miwa Awendo, na Cephas akasema atangoja, akaketi chini ya ile mikaratusi tangu asubuhi hadi saa tisa, kisha akaliacha kopo mlangoni akaenda. Alirudi Aprili 1997, na Desemba mwaka huo, na mara zote mbili Makori alikuwa Awendo kwa mdomo wa mkewe, huku akimwangalia kaka yake kupitia upenyo wa mlango, akaona jinsi alivyokonda, akaona kwamba hata mara moja hakuitazama miti kule juu. Mche ule ulimwagiliwa maji na mke wa Makori ukiwa ndani ya kopo hilo hilo, hadi ulipokauka wakati wa kiangazi.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka wa 1997, Oktoba 1998 akapata kidonda mguuni kilichokataa kupona, na tarehe 3 Mei 1999 alilazwa hospitalini Homa Bay. Tarehe 28 Julai alimwandikisha mkewe barua kwenda kwa Makori, fupi, akisema kwamba anataka kuzikwa Uriri, kwamba asije mtu na kamba, na kwamba Makori ndiye aonyeshe mahali pa kuchimba, popote atakapoonyesha yeye hana neno. Makori aliipokea barua hiyo, akakaa nayo mfukoni wiki tatu akitafuta la kusema. Alifika Homa Bay Jumatatu tarehe 23 Agosti. Umauti ulikuwa umemfika Cephas Maranga Obare siku iliyotangulia, Jumapili tarehe 22 Agosti 1999, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini.

Ameacha mjane, Eucabeth Nyaboke, watoto wanne, wajukuu sita, na ndugu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi mitatu na zaidi, akina mama wa Dorkasi wa kanisani waliopika, wafanyakazi wenzake wa zamani wa barabara, na majirani wa Homa Bay waliomlinda kama mtu wao. Kwa namna ya pekee inamshukuru Mama Susana, ambaye ile Jumatatu alimkuta Makori amesimama langoni mwa hospitali hajui aende wapi, akamshika mkono, akamtembeza kutoka sokoni hadi gatini, mti baada ya mti, akimweleza mlango upi ulionyesha mti upi, na hakumwuliza kwa nini amechelewa.

Makori huyo ni mimi. Shemeji yangu Eucabeth ndiye aliyeiandika historia hii na kunipa niisome, na sikuondoa neno, ila nimeongeza yale niliyoyajua mimi peke yangu.

Jumatano ya wiki iliyopita niliikata mikaratusi, yote kumi na mmoja. Jeneza mnaloliona ni mbao zake. Kisiki cha mti wa sita, ule wa katikati, kilituchukua siku mbili na mashoka matatu kukitoa, na kuanzia hapo kuelekea kwangu ndipo nilipoonyesha, nusu ya kaburi iko upande aliopewa yeye na nusu iko upande niliopewa mimi. Mbao bado ni mbichi kwa hiyo jeneza ni zito mno, watu sita hawataliweza, naomba wabebaji wawe wanane, na wa mbele kushoto ni mimi, mtu asije akanipokea njiani akisema nina umri, kwa sababu kutoka Rongo hadi hapa hakuna aliyempokea yeye.

Pumzika, kaka. Geukia upande wowote utakao, ni kwako.