Kifutio, Aliyemfundisha Kishindo Kuuliza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo sina wimbo wa kufungulia. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa mwandishi wa hadithi za picha. Alifariki Jumatatu iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita. Sitini na sita tu. Nyumbani walimwita Kifutio, na sisi wasomaji tulimwita hivyo hivyo, maana ndivyo alivyotia sahihi. Kama uliwahi kusoma kijitabu cha Kishindo, yule shujaa mwenye joho jekundu na kidevu kama tofali, basi huyu ndiye aliyemwandika.

Lakini ajira yake haikuwa uandishi. Kifutio alikuwa opereta wa simu hospitalini. Kwa miaka ishirini na minane alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, chumba chenye dirisha la ukubwa wa sinia na kiti kilichozungushiwa utepe ili sponji isimwagike. Simu ikiingia alisema, "Hospitali, nikusaidie," kisha akaiunganisha wodini, maabara au mochwari. Kati ya simu na simu palikuwa na dakika mbili tatu. Humo ndimo alimoandikia, nyuma ya karatasi za ujumbe, penseli mkononi, kifutio kikining'inia shingoni kwa uzi. Alifuta zaidi kuliko alivyoandika. Ndipo jina likamganda.

Mchoraji wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ni mchora mabango mpaka leo. Juzi nilimkuta kwenye karakana yake, amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, hana anachokifanya. Nikamwomba anisimulie Kishindo alizaliwa vipi.

"Muuza matairi aliniagiza bango," akasema. "Nikamchorea jitu limebeba tairi kwa kidole kimoja. Akalikataa. Akasema wateja wataliangalia jitu, tairi hawatalitazama. Nikachukua rangi nyeupe nilifunike. Shemeji alikuwa amesimama pale, akanishika mkono. Akasema, 'Huyu usimfute. Mimi nitampa kazi.'"

Na kazi akampa. Mashujaa wa hadithi za picha walikuwepo wengi, wanaruka, wanapigana, wanashinda. Kishindo alikuwa tofauti. Kishindo alijua kwamba amechorwa. Alilalamika kwamba kisanduku ni kifupi, kinamgonga kichwa. Aliegemea ukingo wa picha kama mtu anayeegemea ukuta. Safari moja alitugeukia sisi wasomaji akatuomba tusifunue ukurasa bado, hajafunga mkanda. Tulicheka. Vijitabu arobaini na vitatu, tulicheka tu.

Kisha ikaja Jumanne moja, saa tano asubuhi. Jengo la ghorofa nne, lililokuwa bado linajengwa, likaporomoka.

Wasikilizaji wapendwa, nilimhoji Kifutio miaka sita iliyopita, naye alinisimulia siku ile kwa sauti yake ya simuni, sauti ya upole isiyo na haraka. Alisema hivi: "Simu zilikuwa zinaingia bila kupumzika. Watu wananiuliza, je, ameletwa hapo? Ana shati la bluu. Ana pengo. Amevaa pete kidole cha kati. Mimi naandika, napeleka wodini, napokea nyingine. Sikumfikiria mume wangu. Mume wangu alikuwa fundi umeme, lakini asubuhi aliniaga anakwenda kufunga taa shuleni."

Shuleni alikwenda kweli. Alipomaliza, fundi mwenzake akamwomba ampige tafu kuvuta nyaya kwenye jengo jipya, ghorofa ya pili. Saa moja tu.

"Nesi wa zamu alikuwa ananipigia kila dakika kumi," Kifutio akaendelea. "Halafu akaacha kupiga. Akaja kwa miguu. Nilipomwona mlangoni badala ya kumsikia masikioni, nikajua."

Kisha akaniambia kwamba simu ililia tena, nesi akiwa bado amesimama pale. Akaipokea. "Hospitali, nikusaidie." Akapokea na nyingine tatu kabla hajavua vile vifaa vya simu vya masikioni. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwa maneno mawili: "Walikuwa wanapiga."

Mumewe alikufa siku ile. Kifutio alibaki mjane wa miaka thelathini na minne, na binti wa miaka saba.

Sasa, kijitabu cha arobaini na tatu kilikuwa kimeshatoka wiki ileile. Humo Kishindo anamrusha adui yake, adui anapita katikati ya jengo refu, jengo linaanguka, puuu, ukurasa mzima. Binti yake, ambaye leo ni mfamasia, anakumbuka siku wageni walipokwisha kuondoka.

"Nilikuwa nimejilaza kwenye zulia nasoma," anasema. "Nikamuuliza mama, hili jengo aliloliangusha Kishindo, ndani mlikuwa na watu? Nikadhani hajanisikia, nikarudia kwa sauti. Mpaka leo natamani nisingerudia."

Miezi mitano hapakuwa na Kishindo. Kisha kikatoka kijitabu cha arobaini na nne. Kinaanza kama kawaida. Adui amenyanyuliwa, ngumi iko hewani. Halafu Kishindo anasita. Anatazama juu, nje ya kisanduku, anauliza: "Mwandishi, lile jengo nililoliangusha, ndani mlikuwa na watu?" Chini pembeni amechorwa mwanamke mdogo mwenye vifaa vya simu masikioni. Anajibu: "Sijui. Sikuwaandika."

Kishindo anamweka adui chini taratibu, anampangusa vumbi begani. Anarudi kinyumenyume, ukurasa kwa ukurasa, mpaka anaingia ndani ya kijitabu kilichopita. Juu anaonekana Kishindo wa zamani akishangilia ushindi. Chini, kwenye kifusi, Kishindo wa sasa amepiga magoti anaondoa mawe kwa mikono.

Katika maandishi yake Kifutio alikuwa ameandika kwamba Kishindo ananyanyua zege, anamkuta fundi umeme ameshika bisibisi. Shemeji yake aliposoma hapo akaweka penseli chini.

"Nikamwambia, shemeji, kisanduku hicho sikichori. Akasema, ni hadithi tu. Nikamwambia, kama ni hadithi tu, kichore wewe. Tukakaa wiki mbili hatusemeshani. Yeye alimpoteza mume, lakini mimi yule alikuwa kaka yangu. Alinifundisha kuendesha baiskeli. Nitamchoraje chini ya zege?"

Kijitabu kilitoka na kisanduku kitupu. Cheupe kabisa. Chini yake Kifutio aliandika kwa mkono wake: "Mchoraji amekataa kuchora hapa. Ana haki."

Wasomaji walikasirika. Nisiwafiche, hata mimi nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaandika barua nzima kumlaumu kwamba nilinunua ngumi nikaletewa msiba. Sikujua lolote. Kifutio alinijibu. Alisema: "Msomaji wangu, pole kwa kukosa ngumi. Nami nimezitafuta sijazipata. Nikizipata nitakuletea." Mwenye kiwanda cha uchapaji naye alimwita ofisini akamsihi amrudishe Kishindo wa zamani. Kifutio alimwambia yule wa zamani ameacha kazi.

Tangu hapo Kishindo hakupigana. Kwa miaka mingi alipita katika vijitabu vyake vyote, kimoja baada ya kingine, akiwatafuta wale watu wa nyuma, wale waliochorwa kama vijiti wakikimbia. Mmoja akaonekana anatafuta kiatu. Mmoja anabishana na dada yake hata wakati wa kukimbia. Taratibu barua zikaanza kuja, za namna nyingine. Watu walieleza habari za ndugu zao waliopotea katika ajali, mafuriko, moto. Kifutio aliwaandika humo. Kishindo aliwauliza walikuwa wanakwenda wapi, wakamwambia, naye akawasindikiza.

Na kile kisanduku kitupu kikapata sifa. Mhadhiri mmoja alikizungumzia kwa saa nzima ukumbini. Alisema ni mapinduzi ya sanaa. Kifutio na shemeji yake walikuwa wamekaa safu ya tatu. "Tulipotoka nje," anasema shemeji, "akaniambia, kumbe wewe ni mwanamapinduzi. Tukacheka mpaka tukashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu kaka afe. Miaka tisa." Kisanduku kile shemeji hakuwahi kukijaza. Kila kijitabu kilipochapwa upya, kilibaki cheupe.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana moyo wa Kifutio ulianza kuchoka. Alilazwa katika hospitali ileile alikofanya kazi. Chumba chake cha simu siku hizi ni stoo ya mashuka. Akiwa kitandani aliandika kijitabu cha mwisho, kurasa nane. Humo Kishindo amezeeka, joho amelikunja, ameomba kazi ya opereta wa simu. Anajifunza kusikiliza.

Shemeji alikuwa akipeleka kurasa kadiri alivyomaliza kuzichora. Jumapili alipeleka ya sita. Kifutio aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Mbili zilizobaki lini?" Shemeji akasema kesho. Akamtania: "Wewe si umeandika mwenyewe? Unajua kinachotokea." Kifutio akamjibu, "Kinachotokea nakijua. Uso wake ndio siujui."

Jumatatu shemeji alitoka nyumbani na kurasa mbili, wino haujakauka vizuri. Alifika saa nne. Kifutio alikuwa amefariki saa tatu na nusu, binti yake amemshika mkono.

"Nilichelewa kwa sababu ya mkono wa kushoto," aliniambia pale juu ya ndoo. "Niliuona umekaa vibaya, nikaufuta, nikauchora upya. Nusu saa nzima. Nani anaangalia mkono wa kushoto?"

Nilikaa naye tu.

Kifutio, mwandishi wa Kishindo, opereta wa simu, amezikwa Alhamisi. Ameacha binti mmoja, shemeji mmoja, na vijitabu mia moja themanini na vitatu. Kwa binti yake, na kwa shemeji yake ambaye tangu Jumatatu ile hashiki brashi, sisi sote hapa studio tunasema poleni. Poleni sana. Pole yetu haiwezi kubeba mzigo wenu, lakini ishikeni hata kwa ncha.

Nanyi mnaosikiliza, nina ombi dogo. Mkisikia taarifa ya ajali, baada ya mahali na saa hutajwa idadi ya waliokufa. Ikitajwa, msiiache ipite. Mmoja wao alikuwa ametoka kufunga taa shuleni.

Nilimuuliza binti yake kama kijitabu cha mwisho kitachapwa. Akasema kitachapwa, kurasa zote nane. Nikamuuliza zile mbili zina nini.

"Sijazisoma," akasema. "Ziko mezani, nimezifunika kwa gazeti. Baba mdogo ananiuliza kila siku. Namwambia bado. Nikizisoma, mama atakuwa amemaliza."