Msomaji wa Kanyangi Aliyezikwa Bila Wimbo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kitui, mlioko Makueni, na wewe uliye safarini pale Mtito Andei ukingoja chai ipoe, karibuni. Leo tunamkumbuka Muthoki wa Kanyangi. Muthoki, mke wa mzee wa kanisa. Muthoki, aliyeanzisha nyimbo kwenye mazishi ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha mwenyewe akazikwa bila wimbo. Nitawaeleza ilivyokuwa, na nikikasirika mtanivumilia.

Habari hizi tumepewa na Kavindu, dada yake mdogo.

Ujanani Muthoki alifanya kazi kwenye hoteli moja ya chakula Mtito Andei, akiwahudumia madereva wa malori. Msafiri mmoja akasahau kitabu mezani, asirudi tena. Ilikuwa riwaya ya mapenzi, ya zamani, ile ambayo watu wa rika langu tuliisoma shuleni tumeificha ndani ya kitabu cha hesabu. Jina silitaji, msije mkasema redio imeanza kuuza vitabu. Ni habari za binti aliyempenda karani wa stesheni ya reli, na baba yake akamwoza kwa mtu mwingine.

Kitabu hicho ndicho alichokileta kwenye ushirika wa akina mama wa Alhamisi. Walikuwa wanane, Muthoki na Kavindu wakiwemo, wote wa kanisa moja. Baada ya maombi waliketi jikoni pale kanisani wakichambua ndengu, Muthoki akiwasomea. Wa tisa alikuwa Hodan, Mwislamu, mwenye duka sokoni. Alikuja siku moja kuleta sukari, akasikia ukurasa mmoja, akaketi. Tangu hapo duka likawa linafungwa kila Alhamisi mchana.

Walikuwa wanakatiza kusoma ili waulizane mambo. "Haki ya Mungu, mzee wako amewahi kukwambia anakupenda?" Kavindu anasema walicheka mpaka ndengu zikamwagika, halafu wakainama kuziokota. Hakuna aliyewahi kuambiwa.

Na Muthoki alikuwa na sauti, jamani. Kavindu akairekodi kwa simu ili amtumie binamu yao aliyeko Malili. Ilikuwa pale karani anapombusu binti nyuma ya ghala la pamba. Kidole kikakosea. Klipu ikaenda kwenye grupu ya kanisa, na kabla Kavindu hajaifuta, pasta alikuwa ameisikiliza yote. Leo tungependa nanyi muisikie sauti hiyo. Hatunayo. Kavindu aliifuta kila mahali kwa hofu.

Wazee wa kanisa wakakaa. Musyimi, mume wa Muthoki, alikuwa pale mezani. Wakaamua kila mama aliyesikiliza kitabu kile asimame mbele ya kanisa, aseme ni dhambi, atubu. Asiyetubu anatengwa. Haimbi, hashiriki Meza ya Bwana, na akifa, pasta haji wala kwaya haimbi. Musyimi hakupinga. Ametuambia kwa mdomo wake: "Nilinyamaza. Niliona ni kitu ya wiki moja, itaisha."

Jumapili iliyofuata Kavindu alitubu wa kwanza. Binti yake alikuwa afunge ndoa kanisani humo mwezi wa Agosti, na mama akitengwa, harusi ya bintiye haifungwi pale. Wale sita wakamfuata, mmoja baada ya mwingine. Muthoki akabaki kwenye benchi.

Kavindu alimwendea nyumbani. "Mwiitu wa mwaitu," alimwambia, yaani binti wa mama yangu, "si useme tu? Ni maneno."

"Pasta naweza danganya," Muthoki akajibu. "Na Mungu je? Mimi nimesoma hiyo kitabu, sikuona dhambi. Niliona watu. Siwezi simama madhabahuni niseme uongo ndio niruhusiwe kuimba."

"Na ukikufa?"

"Nikikufa mtaniimbia nyinyi. Nani atawafunga mdomo?"

Wasikilizaji wapendwa, aliamini hivyo kabisa.

Haikupita miezi mingi, koo likaanza kumsumbua. Uji ukawa haupiti. Madaktari wakasema ni saratani, na amechelewa. Sauti ndiyo iliyotangulia kwenda. Hodan akawa anafunga duka kama zamani, anakuja kumsomea kitabu kile kando ya kitanda. Kavindu naye alikuja, lakini kwa mlango wa nyuma, asionwe.

Wiki ya mwisho pasta alifika na wazee. Akainama kitandani. "Mama Nzilani, hata kutikisa kichwa inatosha." Musyimi akapiga magoti akimsihi mkewe. Ishara moja tu, na kwaya nzima ingekuja. Kavindu anasema dada yake alizitaka nyimbo zile kuliko dawa. Muthoki akageuza uso akatazama ukuta.

Akafa ametengwa. Pasta hakuja. Hodan alikuja, ingawa kwao wanawake hawaendi makaburini. Wale sita walisimama nje ya ua wa miiba, kwenye barabara. Kavindu alikuwa ndani, karibu na kaburi, kimya. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Kwetu wimbo hufunika sauti ya udongo. Siku hiyo hapakuwa na cha kuifunika. Kila sepetu ya udongo iliyoangukia sanduku ilisikika mpaka kule walikosimama wale wanawake.

Alhamisi iliyofuata, kwaya ikafika pale nyumbani na sare zao, vitambaa vyeupe kichwani, na pasta mbele. Walikuja kumfariji mzee wa kanisa. Yeye hajatengwa. Wakaimba nyimbo zote, na wakaimba vizuri, Mungu awasamehe.

Musyimi akasikiliza mpaka mwisho. "Hizi nyimbo si zangu," akasema. "Mwenye nyimbo amelala pale nje. Endeni mumwimbie."

Wakatazamana. Pasta akaangalia saa. Kavindu akainuka peke yake, akaenda kusimama kando ya kaburi, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Mimi sikujua kuanzisha," anasema. "Maisha yangu yote naingilia baada yake. Nilisimama pale nikingoja aanze."

Kwa mzee Musyimi, kwa binti yao Nzilani, kwa Kavindu, na kwa Hodan pale sokoni Kanyangi, poleni sana. Mungu awafute machozi, na amlaze Muthoki pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, Jumapili mkiwa kwenye benchi na mwenzenu akaitwa mbele, likumbukeni swali la Kavindu. Nami nimelala nalo wiki nzima.

"Tulikuwa watu nane," aliniambia. "Kama wote tungekaa chini, wangetenga nani?"