Mama Mbula, Refa wa Gofu ya Kyuso

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mbula, mke wa Musembi, aliyezikwa Jumamosi iliyopita nyumbani kwake Kyuso. Mama huyu alikuwa refa wa mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa kwa miaka kumi na minane. Narudia: refa wa gofu, miaka kumi na minane. Na maishani mwake hakuwahi kupiga mpira hata mmoja.

Mashindano yalianza mwaka wa 1971. Musembi alijifunza gofu Nairobi akiwabebea wengine mifuko ya magongo, mpaka naye akawa mchezaji wa kulipwa. Aliporudi Kyuso alichimba mashimo tisa katika shamba lililokataa ndengu. Nyasi hazikuwepo. Kuzunguka kila shimo alimwaga mchanga, na juu yake oili chafu ya lori, ili upepo usiupeperushe. Wageni wa Nairobi walifika na viatu vyeupe, wakaondoka na vyeusi. Lakini kila Agosti walirudi, maana Muktar, mfanyabiashara wa mifugo, alimpa mshindi fahali.

Kitabu cha sheria kilikuwa cha Kiingereza. Aliyekisoma chote ni Mbula peke yake. Binti yake, Kaluki, anakumbuka: "Mama alikisoma akichagua ndengu. Hata sisi tukikosea nyumbani, tulifunguliwa ukurasa."

Sasa, mwaka wa 1985. Musembi alikuwa ameshinda mara mbili mfululizo, na wageni walinung'unika. Waliulizana refa ni mke wa nani. Walisema hawatarudi tena.

Siku ya mwisho Musembi alimaliza akiwa mbele kwa pigo moja. Kina mama wa kanisa wakaanza kuimba. Muktar akaleta fahali.

Mbula akainua mkono. Alieleza kwamba kwenye shimo la mwisho, Musembi alipoweka gongo nyuma ya mpira, mpira ulisogea. Hakuurudisha, akapiga tu. Adhabu ni kuongezewa mapigo mawili, na katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

"Nani mwingine aliona?" Musembi aliuliza.

"Hakuna, Baba Kaluki. Refa ni mimi."

Mapigo mawili, wasikilizaji. Aliyeongoza kwa moja akashindwa kwa moja. Fahali akapandishwa lori, akaenda Nairobi.

Kwa wiki tatu Musembi alizungumza na mkewe kupitia Kaluki, hata wakiwa wameketi benchi moja kanisani. Mchungaji alikuja kuwapatanisha. Mbula akamfungulia ukurasa. Mchungaji akasoma, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Lakini mwaka uliofuata wachezaji walikuja maradufu. Hadi mashindano yalipokoma, 1988, hakuna aliyeuliza tena refa ni mke wa nani.

Mwezi uliopita Mbula alilazwa. Kaluki anasema baba yake aliketi kando ya kitanda, akakohoa, akatazama dirisha. Kwa miaka kumi na mitatu, tangu siku ile ya fahali, alikuwa amekana kosa lake.

"Mama Kaluki," alisema, "ule mpira ulisogea."

Mbula hakufungua macho. "Najua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Kwa Musembi, Kaluki na kanisa lote la Kyuso: poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize, ni nani nyumbani tunayemcheleweshea neno moja la kweli?

Na Musembi ameniomba nitangaze hewani, watu wote wasikie: fahali wa 1985 alikwenda kwa mwenyewe.