Mpiga Besi Aliyekataa Kukaa Nyuma

Marehemu Leonard Pargeter alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 mjini Walsall, Uingereza, mtoto wa pili wa Bwana Horace Pargeter, fundi matandiko ya farasi, na Bibi Ivy. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia karakana ya baba yake kukata ngozi. Kazi hiyo aliifanya hadi Ijumaa ya tarehe 10 mwezi huu.

Besi aliianza mwaka 1963 katika bendi ya roki ya rafiki yake Roy Tranter, mpiga solo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Siku hizo mpiga besi alisimama karibu na dramu na kujificha hapo. Lakini Roy alikata nyuzi karibu kila onyesho, na kila alipoinama kufunga uzi mpya, wimbo ulibaki mtupu. Leonard akaanza kuujaza. Alizishambulia nyuzi kwa vidole vilivyozoea kisu cha ngozi, akafungulia spika mpaka vioo vikatetemeka. Roy alipoinuka, hakukuta nafasi.

"We Len, hiyo ni besi. Rudi nyuma."

"Acha kukata nyuzi, nami nitarudi."

Kisha Roy mwenyewe akampa wimbo wa mwisho wa kila onyesho. Ikawa desturi yao: katikati ya wimbo besi inanyamaza ghafla, Leonard anainamisha kichwa, dramu inabaki peke yake, ukumbi unasubiri, halafu anaingia kwa kishindo.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Beryl Sankey. Nyumbani alifanya mazoezi jikoni, na Beryl alizoea kushika kabati la vyombo kwa mgongo huku akikaanga mayai. Ni yeye aliyegundua kwamba hata besi ikinyamaza, mkono wa kushoto wa mumewe hauachii shingo ya gitaa.

Hapa ingefuata habari ya ugonjwa. Hakuugua. Jumapili tarehe 12 Oktoba 1997, mchana, Beryl aliacha nyama kwenye oveni wakaenda wote klabuni, bendi ilikokuwa ikipiga. Katika wimbo wa mwisho besi ilinyamaza. Leonard akainamisha kichwa, akaketi juu ya spika. Watu wakapiga makofi. Roy alitabasamu, akisubiri. Beryl aliutazama ule mkono.

"Roy, nyamazeni," alisema. "Ameachia."

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata wangemfikia papo hapo, asingepona. Beryl ameagiza maneno hayo yasomwe leo mbele ya Roy, ambaye tangu siku ile hajashika gitaa. Wote ukumbini walisubiri, Roy. Hata mkewe alisubiri kwanza.

Marehemu ameacha mama yake, Bibi Ivy, mjane wake Beryl, watoto wao Gail na Adrian, kaka yake Wilfred, na Roy, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Pumzika, Len. Safari hii hatutasubiri uingie.