Maharagwe ya Mama Immaculée

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka pumzi yangu iwafikie, kwa maana sauti yangu haifiki tena hata ukutani. Bertille, niinue kichwa kidogo. Floribert, wewe mkubwa wao, kaa chini, neno la leo halisikilizwi kwa kusimama. Na wewe Noëlla, mtoto niliyekulea bila kukuzaa, njoo upande huu wa sikio langu zima, kwa sababu maneno haya ni yako kabla hayajawa ya ndugu zako.

Padri alikuja jana, nikamwambia yote. Akasema, "Papa Kalenga, Mungu amesikia, lakini yuko mtu katika nyumba hii ambaye hajasikia." Mficha maradhi kifo humuumbua, wanangu, nami la kwangu nimelificha miaka saba, tangu mwaka wa sabini na nane.

Mnajua nilikuwa karani wa ushuru kwenye kile kituo kidogo cha pwani ya ziwa, kaskazini ya mji wetu wa Kalemie, njia ya kwenda Kabimba, ambacho siku hizi hakina hata bati. Miaka kumi na tisa nilishika muhuri pale. Mitumbwi ya injini iliyotoka Bujumbura na Uvira ilipita kwangu kabla ya kufika mjini, na hakuna gunia lililoshushwa sokoni ambalo sikuliwekea mkono. Watu waliniamkia kwa heshima, nami nikadhani ni heshima, kumbe ilikuwa hofu.

Mwaka huo ikaja karatasi. Ilisema nchi zetu tatu, Zaire, Rwanda na Burundi, zimepatana, kwamba mazao ya shamba ya nchi moja, yakiwa na cheti cha kuonyesha yalikolimwa, yaingie nchi nyingine bila ushuru, na vizuizi vingine vya mipakani vilegezwe, ili watu wa maziwa haya walishane. Niliisoma mara tatu, na sitawadanganya, nilifurahi. Nilimkumbuka mama yangu, aliyekuwa akinisimulia jinsi watu wa ng'ambo walivyoleta chumvi wakaondoka na samaki, na hakuna aliyewauliza mmetoka wapi. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa njaa, mihogo imeliwa na wadudu shambani, watu wa Kalemie wanachemsha majani na kulala.

Nikampelekea shefu wangu. Akafunga dirisha la biro, ile ofisi yake, akaisoma, akaniuliza, "Kalenga, mshahara wetu wa mwisho ulikuja lini?" Nikasema, "Miezi mitano imepita, shefu." Akasema, "Basi hii karatasi haijafika. Ikifika, watoto wetu watakula nini?" Akanirudishia. Hakunitishia, wala hakunishikia kisu. Niliiweka ndani ya kabati kwa mkono wangu, nikafunga, na ufunguo ukarudi mfukoni mwangu. Msije mkasema kesho ni shefu. Shefu ni marehemu, tumwache na ya kwake. Ushuru ambao haukuwa ushuru tena ndio uliolipa minerval yenu, ile ada ya shule, wanangu, na ndio uliosimamisha kuta hizi zinazotuzunguka.

Noëlla, nakuja kwako sasa. Nipeni maji. Yatosha.

Mama yako, Immaculée, alikuwa mjane, rafiki wa marehemu mke wangu Henriette, waliimba kwaya moja. Alinunua mafuta ya mawese yaliyoshuka kwa treni kutoka Nyunzu, akayapeleka Bujumbura, akarudi na maharagwe. Siku ile alishuka na magunia kumi na mawili, anacheka tangu mtumbwini, ameshika cheti mbele yake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akaniambia, "Papa Kalenga, kule wameniambia maharagi hayalipiwi tena. Angalia, iko na muhuri. Hii njo ile sheria mpya, hapana?"

Nilimtazama machoni. Nikasema, "Mama, hapa hatujaona sheria ya namna hiyo."

"Hata wewe, Papa? Wewe mwenye kusoma?"

"Hata mimi."

Kabati lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, wanangu. Hatua mbili tu.

Hakuwa na cha kulipa, fedha yote ilikuwa imekuwa maharagwe, nami nikayazuia magunia. Alikaa siku nne nje ya kituo, analinda magunia yake, mvua inampiga, na wewe Noëlla, mtoto wa miaka tisa, ulikuwa ukitoka mjini kwa miguu kumletea ugali. Utakumbuka. Siku ya tano alifungua gunia moja akakuta yameota, vijimizizi vyeupe vimeshikana kama uzi. Hakupiga kelele. Aliyachota kwa viganja viwili, akaingia biro, akayamwaga juu ya daftari langu, akasema, "Basi andika na haya." Akaondoka. Mji wenye njaa, na magunia kumi na mawili ya chakula yakaoza kwenye kituo changu.

Alikopa, akaenda tena. Safari ile ya kurudi, mwezi wa kumi na moja, alimwambia nahodha asikaribie pwani yetu, azunguke mbali, kwenye kina, akashukie kusini ya mji. Ilikuwa mchana kweupe. Nilikuwa nimesimama gatini, nikauona mtumbwi ule, mdogo kama punje, nami nikajua ni nani na kwa nini yuko mbali vile. Upepo ulipoanza kusukuma mawimbi bado nilikuwa nauona. Kisha sikuuona. Watu wanne walikuwa ndani yake. Mama yako alipatikana siku ya tatu.

Usilie, Bertille, sijafika mwisho, na ubaya wangu mkubwa haujatajwa.

Wakubwa waliuliza mtumbwi ulitafuta nini huko mbali. Shefu akasema, andika. Nikaandika. Kwa mkono huu nikaandika kwamba Immaculée alikuwa mfanya magendo, amekufa akikwepa ushuru halali. Neno hilo moja lilimzika mara ya pili. Kiwanja chake kikachukuliwa kuwa faini. Kwaya haikuja kumwimbia, waliogopa kuandikwa pamoja naye. Na wewe shuleni wakakuita mutoto wa magendo, ukaja hapa kwetu ukamwuliza Henriette, "Mama, magendo njo nini?" Nami nilikuwa ninakula mezani, nikaendelea kula.

Ndipo tukakuchukua. Henriette alikuchukua kwa upendo, naye amekufa bila kujua. Mimi nilikuchukua kwa hofu. Watu wakanisifu, wakasema angalieni Papa Kalenga, moyo wake. Kila aliyenisifu alinipiga, lakini sikufungua kinywa, na miaka ikapita, na maji yakimwagika hayazoleki. Baadaye nilikupenda, Noëlla. Ni kweli, lakini sikuambii ili unionee huruma. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Sasa sikilizeni, kwa kuwa kifua kinajaa.

Nyumba hii ni ya Noëlla. Yote, na kiwanja chake. Unasema nini, Floribert? Sema kwa nguvu. Mtakwenda wapi? Sijui, mwanangu. Lipo shamba la marehemu mama yenu, barabara ya Bendera, lile lilipatikana kwa jembe, hilo ni lako na Bertille. Ukasirike na mimi, usikasirike na yeye. Ukimtoa hapa, radhi yangu haitakufuata, na nakuomba, nakusihi, usinifanye nife nikiwa nimekuachia maneno hayo.

Ndani ya sanduku la bati, chini kabisa, iko ile karatasi, na cheti cha Immaculée, alichokiacha mezani kwangu siku ile, kimebandikwa nayo. Sikuweza kuzichoma. Nilijaribu. Floribert, uzipeleke kwa komiseri wa zone, mkuu wa eneo letu, lile neno magendo lifutwe, na wakikuambia dosie, lile faili lake, imepotea, urudi kesho yake, na kesho yake tena. Jumapili umwombe padri nafasi, useme mbele ya wote kwamba mwanamke yule alikuwa na haki, na aliyevunja sheria ni baba yako. Usiseme alikosea. Sema alijua.

Na wewe, Floribert, umepata kazi ya ushuru bandarini, wamekupa kwa sababu ya jina langu. Nilitaka kukukataza. Sina nguvu ya kukukataza, na mshahara wako nao hautakuja, najua. Lakini karatasi yoyote itakayokuja, uisome kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wamama wa sokoni, siku hiyohiyo. Marais watatu walikaa wakapatana, wakapiga mihuri, na karani mmoja mwenye ufunguo wa kabati akawashinda wote. Kama wewe si mtu mwema, mapatano ni wino tu. Mimi niliona wino, nikaona watu wenye njaa, nikachagua kabati.

Msinizike karibu na Immaculée. Kwaya isiniimbie.

Bertille, weka mkono wako chini ya wangu, siuoni. Mungu akupe watoto wasioficha kitu. Floribert, inama, inama zaidi. Mungu akupe moyo mgumu kwa wakubwa na laini kwa mwenye mzigo kichwani. Nimewabariki kwa kilichobaki kwangu, ni kidogo, gawaneni.

Noëlla... wewe sithubutu. Mkono huu ndio ulioandika. Mwombe Mungu moja kwa moja, usipitie kwangu. Noëlla? Nani amesimama? Nasikia miguu.

Bertille, usimshike nguo. Mwache.

Floribert, mwanangu, umesimama mlangoni? Toka. Toka hapo... Ana haki. Mwache apite.